Je, Wajua? Manowari Zilizojificha, Zilizozama na Zilizofufuka

Meli iliyojigeuza kisiwa
Mwaka 1942 manowari ya Uholanzi iitwayo Abraham Crijnssen iliwaponyoka Wajapani kwa kujifanya kisiwa! Mabaharia wake, wapatao 45, walikata miti na matawi wakaifunika sitaha, na chuma kilichobaki wazi wakakipaka rangi ya mawe. Mchana ilitia nanga karibu na ufuko na kutulia tuli. Usiku ilikata maji kuelekea kusini. Baada ya siku kama nane ikafika Australia, ilhali meli nyingi za Kiholanzi za eneo ilikotoka zilikuwa tayari zimezamishwa. Leo ipo makumbusho, Den Helder.

Fahari ya mfalme, safari ya mita 1,300
Vasa ilikuwa na mizinga 64, na Mfalme Gustav II Adolf wa Sweden aliitarajia kwa hamu. Tarehe 10 Agosti 1628 iling'oa nanga Stockholm. Ikapigwa na upepo, ikalala upande, maji yakaingia kwa matundu ya mizinga, ikazama mbele ya macho ya watu wa mji. Haikufika hata mita 1,500! Ilikuwa ndefu kwenda juu na nyepesi chini. Lakini bahari ya Baltiki ina chumvi kidogo mno, na wale minyoo wanaotafuna mbao za meli hawaishi humo. Kwa hiyo ilipoopolewa mwaka 1961, baada ya miaka 333, ilitoka karibu nzima, michongo yake ikiwa bado juu yake. Ingekuwa imeshinda vita kumi, huenda leo isingebaki hata ubao wake mmoja.

Mafuta si tatizo, chakula ndicho
Gerald R. Ford, manowari ya Marekani ya kubebea ndege, ina urefu wa zaidi ya mita 330: panga viwanja vitatu vya mpira kwa urefu, na bado inavipita. Vinu vyake viwili vya nyuklia vinaweza kuiendesha kwa zaidi ya miaka 20 bila kujazwa upya. Ila watu wapatao 4,500 walio ndani lazima wale, na chakula hakitoki kwenye kinu. Ndiyo maana jitu hili hufuatwa na meli za kuliletea mahitaji katikati ya bahari.

Jeshi la majini lisilo na bahari
Bolivia ilipoteza pwani yake katika vita na Chile vilivyoanza mwaka 1879. Hata hivyo, bado ina jeshi la majini. Mabaharia wake hufanya doria mitoni na katika Ziwa Titicaca, karibu mita 3,800 juu ya usawa wa bahari, na kila tarehe 23 Machi taifa zima huikumbuka bahari liliyonyang'anywa.

Dreadnought na nyambizi
Ilipotokea mwaka 1906, HMS Dreadnought ya Uingereza ilizifanya manowari zote kubwa za dunia zionekane za kizamani, na mataifa yakaanza kushindana kujenga za namna yake. Ilikuwa na mizinga 10 mikubwa. Hata hivyo, meli pekee ya adui ambayo Dreadnought iliizamisha katika vita, nyambizi ya Kijerumani U-29 mwezi Machi 1915, iliiua kwa kuigonga.

Milingoti iliyokataa kuzama
Vita vya Uingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896 vilikwisha kabla ya saa moja kupita. Meli ya Sultani, Glasgow, ilithubutu kuwajibu Waingereza kwa mizinga, ikazamishwa pale pale bandarini. Maji hayakuwa na kina cha kuimeza yote. Milingoti yake mitatu iliendelea kuchomoza mbele ya mji hadi mwaka 1912.

Manowari kwenye mikoko ya Rufiji
Tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, manowari ya Kijerumani Königsberg iliivamia Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, ikiwa imesimama ikitengenezwa, na kuizamisha. Kisha injini zake zenyewe zikaharibika. Nahodha Max Looff akaiingiza katika delta ya Rufiji, ikajificha kwenye vichochoro vya mikoko, na vipuri vikakokotwa na wapagazi Waafrika kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, kisha vikarudishwa. Waingereza waliiona mwishoni mwa Oktoba, lakini manowari zao hazikuweza kuingia kwenye maji yale machache. Suluhisho lilitoka mbali: Severn na Mersey, meli za tumbo bapa zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya Brazil na mito yake. Zilivutwa kwa kamba hadi pwani yetu, na Julai 1915, ndege zikizielekeza mahali pa kulenga, zikaimaliza. Je, iliisha? Wajerumani walizamia, wakaitoa mizinga yake 10, wakaitia magurudumu na kupigana nayo nchi kavu. Mmoja wake upo Fort Jesus, Mombasa. Ukipita huko, usiache kuutazama.

Manowari iliyopanda treni
Mzinga mwingine wa Königsberg ulifika Ziwa Tanganyika, ukafungwa kwenye meli Goetzen. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikajaza masanduku kama 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, na Februari 1915 ikashushwa majini. Waingereza nao walileta boti mbili kutoka Cape Town kupitia Kongo, zikivutwa na matrekta ya mvuke na maksai juu ya milima ya Mitumba! Walipozidiwa mwaka 1916, Wajerumani waliizamisha Goetzen wenyewe, lakini kwanza waliipaka injini grisi nzito ili isile kutu. Mafundi walijua wanachofanya. Iliopolewa mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Imebeba abiria, dagaa na mahindi kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, vizazi kwa vizazi. Mei 2015, karne moja baada ya kushushwa majini kwa ajili ya vita, ndiyo iliyowachukua maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga na kuwafikisha salama Kigoma.