Kugawa mirathi kwa programu ya simu: jaribuni kwanza mas-ala haya



Tunaulizwa kama inafaa kugawa mirathi kwa programu ya simu. Kuitumia kama chombo cha hesabu hakuna ubaya. Swali ni kama hesabu yake ni sahihi.

Tuchukulie mwanamke wa Kipemba aliyeolewa Mbinga, akafariki na kuacha shamba la kahawa huko na nyumba Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Baada ya mazishi, madeni na wasia, imebaki thamani ya shilingi 42,000,000. Warithi ni mume na dada zake wawili wa baba na mama mmoja, walioko Wete. Hakuna mrithi mwingine.

Programu nyingi huandikwa kwa obijekti: kila kimoja hubeba taarifa zake pamoja na kazi zake. Njia hii ilianzia Norway katika lugha ya Simula, kwa Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, miaka ya 1960. Mwandishi huunda kiolezo kiitwacho Mrithi, kisha Mume na Dada "hurithi" sifa zake (urithi huu haungoji mtu afe). Kila mmoja akiulizwa fungu lake, hujibu kwa kanuni yake. Lugha ya Java inaweza kulazimisha kila kiolezo kiwe na jibu. Kikisahauliwa, programu haikubaliwi. Python kwa kawaida huiachia programu ianze kazi, na kosa huonekana siku mrithi huyo anapoulizwa.

Lakini hapa hakuna aliyesahauliwa. Mume anajibu nusu: 21,000,000. Dada wanajibu theluthi mbili: 28,000,000. Jumla ni 49,000,000, na mali ni 42,000,000! Kila obijekti imesema kweli, ila imejihesabia peke yake, na si Java wala Python inayolizuia hilo yenyewe.

Dawa yake wanavyuoni wanaijua tangu zama za 'Umar (رضي الله عنه): ni 'awl. Asili ya mas-ala, 6, inapanda hadi 7. Mume anapata 3, yaani 18,000,000. Dada wanapata 4, yaani 12,000,000 kila mmoja. Kazi hii inapaswa kuwekwa kwenye obijekti ya mirathi yenyewe, inayowaona warithi wote kwa pamoja.

Ingizeni mas-ala haya kabla ya kuingiza ya marehemu wenu. Ikimpa mume 21,000,000, iacheni. Ikimpa 18,000,000, bado mpelekeeni shekhe anayejua faraaidhw aihakiki.

Na Allaah Anajua zaidi.