WebRTC

WebRTC ni teknolojia inayowezesha kompyuta au simu mbili kupelekeana sauti, video na data moja kwa moja kupitia intaneti, papo kwa papo, bila mtumiaji kuongeza programu nyingine kwenye kivinjari chake. Mawasiliano ya namna hii huitwa ya rika kwa rika, kwa kuwa kila kifaa hutuma na kupokea kwa usawa.

Chanzo chake ni kazi ya kampuni ya Global IP Solutions, iliyonunuliwa na Google mwaka 2010. Mwaka uliofuata Google ilitoa msimbo wake kama programu huria. Mnamo Februari 2013 vivinjari vya Chrome na Firefox viliweza kupigiana simu ya video, na Januari 2021 mashirika ya W3C na IETF yalitangaza kuwa kanuni zake sasa ni rasmi.

Jinsi vifaa vinavyotafutana

Kusafirisha picha si sehemu ngumu kuliko zote. Ugumu ni vifaa viwili kufikiana. Anwani za IP za toleo la 4 ni takriban bilioni 4.3 tu na hazitoshi, kwa hiyo ruta hutumia anwani moja ya nje kwa niaba ya vifaa vingi vya ndani. Utaratibu huo huitwa NAT. Tuchukue mfano wa shule ya bweni yenye sanduku moja la posta. Barua za wanafunzi wote hutoka na anwani ya shule, na jibu likirudi karani huangalia daftari lake ajue ni la nani. Barua ambayo haina kumbukumbu daftarini hutupwa. Ruta nayo hufanya hivyo hivyo: hupokea pakiti kutoka kwa yule tu ambaye kifaa cha ndani kilimwandikia kwanza.

WebRTC hutatua jambo hili kwa utaratibu uitwao ICE. Kila kifaa huiuliza seva ya STUN, "Unaniona kwa anwani gani na mlango upi?" Kisha vifaa hupeana majibu hayo kupitia seva ya mwandishi wa programu, na vyote viwili huanza kutumiana pakiti, ili kila ruta iwe na kumbukumbu ya mwenzake. Lakini ziko NAT zinazobadilisha namba ya mlango kwa kila anayeandikiwa, na hapo jibu la STUN halifai kitu. Njia inayobaki ni seva ya TURN, ambayo hupokea kila pakiti na kuipeleka mbele. Hii ni gharama: video ya megabiti 1 kwa sekunde hufikia megabaiti 450 kwa saa moja, na hiyo ni kwa upande mmja tu wa mazungumzo.

Njia ikipatikana, sauti na video husafiri zikiwa zimefichwa kwa msimbo wa siri, kwa kawaida juu ya UDP. Pakiti ya sauti iliyopotea mara nyingi huachwa ipotee, kwa sababu neno linalofika likiwa limechelewa huvuruga mazungumzo kuliko neno lililokatika. Shirika la ITU hupendekeza ucheleweshaji usizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja.

Kutafuta hitilafu

Hitilafu inayojulikana zaidi ni programu kufanya kazi vizuri mezani kwa mwandishi wake na kushindwa kwa watumiaji. Simu mbili zilizo kwenye Wi-Fi moja huonana kwa anwani za ndani. STUN na TURN hazihitajiki kabisa, hata kama zimeandikwa vibaya. Mtumiaji wa data ya simu, ambaye mara nyingi yuko nyuma ya NAT ya kampuni ya simu pamoja na wateja wengine wengi, huona kioo cheusi na kudhani simu yake ni mbovu. Katika Afrika Mashariki, ambako wengi huingia intaneti kwa simu, huyu ndiye mtumiaji wa kawaida. Dawa ni kulazimisha majaribio yapite TURN peke yake, kwa kuweka iceTransportPolicy kuwa "relay", na kujaribu kwa laini za simu za kampuni tofauti.

Meza hiyo hiyo hudanganya kwa njia nyingine. Vivinjari huruhusu kamera kwenye kurasa za HTTPS tu, isipokuwa kompyuta inapojifungulia ukurasa wake yenyewe. Simu mbili zikiwa chumba kimoja hupiga mlio mkali, kwa kuwa kipaza sauti cha moja husikia spika ya nyingine, na mtu huanza kurekebisha kizuia mwangwi kisicho na kosa.

Chrome ina ukurasa wa chrome://webrtc-internals na Firefox about:webrtc, ambapo hali ya muunganiko huonekana kwa namba na grafu. Inafaa kufuata mpangilio: je, ICE imepata njia? Je, baiti zinapokelewa? Je, fremu za video zinafunguliwa? Baiti zikiongezeka huku fremu zikibaki sifuri, mtandao hauna kosa. Tatizo huenda liko kwenye kodeki.

Watu wakiwa wengi, muunganiko wa kila mmoja kwa kila mmoja hulemea: watu 10 huhitaji miunganiko 45, na kila simu hutuma nakala 9 za video yake. Kwa hiyo mikutano mikubwa hupitia seva inayopokea nakala moja na kuwagawia wengine.