Maziwa ya Mpemba yaliganda kwanza

Sogeeni karibu niwasimulie habari ya friji moja. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanganyika, wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Unachemsha maziwa, unakoroga sukari, unangoja yapoe, kisha unayatia kwenye friji. Nafasi ilikuwa ya kugombewa. Erasto Mpemba wa kidato cha tatu, alipoona mwenzake anamtangulia na maziwa ambayo hayakuchemshwa, akayaingiza ya kwake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado uji.

Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Wenzake wakapata la kumtania.

Baadaye, alipokuwa Shule ya Sekondari ya Mkwawa, Iringa, shule hiyo ilitembelewa na Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Kijana akainuka na swali lake: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, kiasi kilekile, kwa nini ya nyuzi 100 yanatangulia kuganda? Darasa likaangua kicheko. Osborne hakucheka sana. Alirudi Dar akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta habari kwamba kweli, ya moto yametangulia, ila akaahidi kulirudia jaribio hadi lipatikane jibu sahihi!

Hapo mimi hucheka kila mara. Kurudia ni lazima. Kurudia mpaka upate unachokitaka ni kujidanganya.

Sasa chukueni kalamu. Tuseme mmejaribu mara tano, mkaandika dakika za kuganda (namba hizi nimezitunga). Maji baridi: 61, 74, 58, 70, 62. Jumlisheni, 325, gawanyeni kwa tano, wastani ni 65. Maji ya moto: 60, 49, 71, 63, 57. Jumla 300, wastani 60. Mtashangilia, ya moto yameshinda kwa dakika tano!

Polepole. Tazameni mtawanyiko. Maji baridi yametoka 58 hadi 74, tofauti ya dakika 16. Ya moto yametoka 49 hadi 71, dakika 22. Maji yaleyale, friji ileile, yanayumba kwa dakika 22, nanyi mnajivunia tano? Huenda mlango ulifunguliwa, huenda kikombe kimoja kiligusa barafu.

Lakini kama baridi ingekuwa 64, 65, 66, 65, 65, na moto 60, 59, 61, 60, 60? Wastani ni uleule, 65 na 60. Ila safari hii kundi moja haligusi lingine hata kidogo, na zile dakika tano zina uzito. Ndiyo maana ripoti ya maabara yenye wastani mtupu mimi huirudisha.

Mpemba na Osborne walichapisha kazi yao mwaka 1969, na ubishi haujaisha. Mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walipima upya, wasione ushahidi wa kutosha. Waligundua pia kwamba kipimajoto kikipanda au kushuka sentimita moja tu, maji ya moto yanaweza kuonekana yametangulia wakati hayakutangulia.

Kama nyumbani kuna friji, tafuteni vikombe viwili vya namna moja na saa. Jaribuni mara kumi, na ile namba isiyowapendeza iandikeni vilevile.