Majina ya Njiani

Wageni wakifika Tabora hupelekwa Kwihara kuoneshwa tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, kisha huondoka wakisema huu ni mji wa mabaki ya misafara, watu wasiojua walikotoka. Siku hizi hata watoto wetu wanarudia maneno hayo. Mtu anastaafu, anapata wasaa, anataka kuandika ukoo wake: baba, babu, baba yake babu. Akifika jina la nne njia inakatika, naye anasema wazee hawakutunza kitu. Mimi ninayakataa maneno hayo. Wazee walitunza, ila si pale tunapotafuta.

Tunatafuta kwa akina baba peke yao, kwa sababu shule na ofisi zimetuzoesha majina matatu ya kiumeni. Unyamwezini mtoto alikuwa wa ukoo wa baba pale mahari yalipolipwa. Yasipolipwa alikuwa wa kwa mama yake, na hilo halikuwa tusi. Katika himaya zetu nyingi hata utemi wenyewe zamani ulikwenda kwa mtoto wa dada. Anayepanda kwa ngazi ya baba tu ataikosa nusu ya watu wake.

Kitabu chetu kikubwa kilikuwa tambiko. Mtoto akilia usiku na usiku, au akikataa ziwa, wazazi walikwenda kwa mfumu, naye akapiga ramli hadi ajulikane ni mhenga gani anayetaka kuitwa. Mtoto akapewa jina hilo, na toka siku hiyo bibi yake akamwita kwa heshima ya yule marehemu. Kwa hiyo jina halikuchaguliwa kwa utamu wake. Lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na habari zake: alikotoka, aliyemwoa, alikozikwa. Mtoto alikua akisimuliwa maisha ya mtu aliyembeba. Alfajiri ya tambiko mkubwa wa nyumba alichukua maji yaliyokorogwa kwa unga wa mtama, akanyunyiza mbele ya vijumba vya mizimu huku akiwaita wahenga mmoja mmoja, wa kuumeni na wa kukeni, akimalizia na wale ambao majina yao yamepotea. Watoto walisimama pale na kusikia. Misikiti na makanisa yalipoliita jambo hili ushirikina, tulivunja vile vijumba, na hakuna aliyewaza kuyaandika yale majina kwanza. Huo ndio msiba ninaoulilia.

 

Halafu kuna majina ya njiani. Mnyamwezi aliyebeba pembe hadi Bagamoyo, mwendo wa miezi, mara nyingi alijipa jina jipya la safari. Ndiyo maana orodha za wapagazi wa Wazungu zimejaa akina Uledi na Baruti. Akirudi kijijini ana jina la mhenga, jina la njiani, na baadaye jina la dini. Mjukuu anayedhani anafuata watu watatu huenda anamfuata mmoja. Wengine hawakurudi. Msiri, mtoto wa Kalasa mfanyabiashara wa shaba, alitoka huku kwetu akajenga utawala wake Bunkeya, Katanga, hadi alipouawa mwaka 1891. Na watu wake, Wayeke, hadi leo wanasema asili yao ni Unyamwezi. Watu waliofika huko na bado wanakumbuka, nani atasema ni watu wasio na asili?

Njia ile ya Bagamoyo ilituachia utani na Wazaramo na wengine wa kuelekea pwani. Mgeni akimwona mtani anamwiga marehemu msibani, anatembea kama yeye, anataja madeni yake na wanawake zake, anadhani ni utovu wa adabu. Lakini mtani ndiye pekee anayeruhusiwa kusema ukweli wa marehemu mbele ya watoto wake. Nimesikia msibani habari za koo ambazo ndani ya nyumba hazikutamkwa hata siku moja. Sasa mtani akianza, vijana wanamwomba akae chini.

Lisilotamkwa kuliko yote ni utumwa. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu. Kwa hiyo walioupitia wamelea wazee ambao baadhi yetu tumewajua. Nyumba nyingi za hapa zina bibi ambaye habari zake zinaishia kwenye maneno mawili: alitoka Manyema. Aliletwa na nani, aliitwaje na mama yake, hapo wazee hukohoa na kuomba chai. Muhammad bin Juma, babaye Tippu Tip yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alimwoa Karunde binti wa Mtemi Fundikira, na ndoa hiyo imo vitabuni. Ya bibi wa Manyema haimo, ingawa wajukuu zake wamejaa Tabora nzima.

Katika ukoo ninaouandika, bibi yetu wa namna hiyo nimemweka juu kabisa, kwa jina moja alilobaki nalo, na nikaandika kwamba alinunuliwa. Baadhi ya ndugu wametaka nilifute neno hilo, wanasema litawaaibisha watoto. Nimewajibu kwamba aibu ni ya aliyemnunua. Sasa natafuta alikozikwa, na kwa hilo nawategemea watani zetu kuliko ndugu zangu.