Kuchunguza Frikwensi Elfu kwa Hesabu Chache

Ndani ya setilaiti za mawasiliano huwamo visanduku vya chuma vyenye uwazi, vilivyounganishwa kwa matundu membamba. Kazi yavyo ni kuchuja: mawimbi ya frikwensi zinazotakiwa hupita, mengine hurudishwa. Kabla chuma hakijachongwa, mhandisi hutaka kujua kichujio kitafanya nini katika kila frikwensi, tuseme kuanzia gigahezi 10 hadi 12.

Milinganyo aliyoitangaza James Clerk Maxwell mwaka 1865 yatosha kujibu. Shida ni wingi wa hesabu. Kompyuta huugawa uwazi ule katika vipande vidogo vidogo, na jumla ya namba zisizojulikana yaweza kufika laki tano. Milinganyo yote hiyo hutatuliwa kwa frikwensi moja tu. Frikwensi ikibadilika, kazi huanza upya. Anayepima kila baada ya megahezi 10 atatatua mara 201, na bado kilele chembamba cha upana wa megahezi 2 chaweza kujificha kati ya vituo viwili. Kasoro hiyo ikigunduliwa baada ya chuma kuchongwa, gharama imekwisha kuingia.

Lakini uwazi wa chuma hufanana na uzi wa udi: una namna chache tu za kutetema. Katika masafa yale, mawimbi yaliyomo ni mchanganyiko wa maumbo machache. Basi milinganyo mikubwa hutatuliwa kwa frikwensi 10, kwa mfano, na majibu yake hufanywa msingi. Kisha hutafutwa kiasi tu cha kila umbo: namba 10 badala ya laki tano. Frikwensi elfu huchunguzwa kwa muda mfupi sana.

Mwaka 1990 Lawrence Pillage na Ronald Rohrer, wakishughulikia saketi za umeme, walitumia frikwensi moja tu. Walikokotoa jibu na jinsi linavyobadilika hapo, wakalilinganisha na sehemu ya aina aliyoichunguza Mfaransa Henri Padé mwaka 1892. Sehemu hufaa kwa sababu asili yake ikikaribia sifuri, thamani hupaa, kama kilele kinavyofanya. Hata hivyo, kadiri hatua zilivyoongezwa, namba mpya zilikaribia kuwa nakala za zile za kwanza, na tarakimu chache za kompyuta hazikuweza kuzitofautisha. Mwaka 1995 Peter Feldmann na Roland Freund waliiepuka hitilafu hiyo kwa njia ya Cornelius Lanczos, ambayo hulisafisha kila umbo jipya ili libaki na lile tu lisilokuwamo katika yaliyotangulia.

Jibu dogo huaminiwaje? Hurudishwa ndani ya milinganyo mikubwa, na pengo linalobaki hupimwa. Kupima ni rahisi kuliko kutatua. Pengo likizidi, milinganyo mikubwa hutatuliwa hapo na umbo jipya huongezwa. Karibu na kilele, hata pengo dogo laweza kuficha kosa kubwa, ndiyo maana mhandisi mwangalifu huweka huko kituo kimoja au viwili vya ziada.