Ardhi inayohama bila wewe kuona

MTANGAZAJI: Huenda unapita kando ya korongo kila siku na kuliona lilelile. Halafu siku moja baada ya mvua unashtuka: limefika karibu na jiko lako! Lilisogea lini?

Leo tunaeleza jinsi picha zinazopigwa kutoka kwenye ndege zinavyojibu swali kama hilo.

Twende Marekani, jimbo la North Carolina. Mbele ya pwani yake kuna visiwa virefu na vyembamba vya mchanga, vinavyoitwa Outer Banks. Visiwa hivi huikinga bara dhidi ya mawimbi makubwa. Lakini mchanga wake hautulii. Bahari huuchota upande mmoja, na dhoruba huumwaga upande wa pili.

Wataalamu hupiga picha kutoka angani, na baada ya muda hurudi kupiga tena. Kisha hulinganisha picha hizo kwa kutumia kitu kisichohama, kama njia panda au jengo. Hawategemei mstari wa maji peke yake, maana maji hujaa na kupwa. Huangalia pia majani yanapoishia na vilima vya mchanga.

Tarehe 18 Septemba 2003, kimbunga Isabel kilikata kisiwa cha Hatteras. Picha za awali zilionyesha barabara. Picha za baadaye zilionyesha maji yakipita palepale, na kijiji cha Hatteras kimetengwa.

Kisiwa hichohicho kina mnara wa taa uliojengwa mwaka 1870. Bahari iliusogelea miaka mingi. Watu hawakungoja uanguke: mwaka 1999 waliuhamisha karibu mita 900.

Wewe huna ndege, lakini njia ni ileile. Chagua kitu kisichohama, kama kona ya nyumba. Mvua ikiwa imekatika, pima kwa kamba kutoka hapo hadi karibu na ukingo wa korongo. Usisimame ukingoni, udongo uliolowa humeguka. Andika kipimo na tarehe. Rudia baada ya kila mvua kubwa.

Umbali ukipungua, mpelekee kiongozi wa eneo lako vipimo hivyo mapema. Ukisema tu "korongo linakuja", unaweza kuambiwa usubiri. Ukionyesha kwamba zilikuwa hatua kumi na mbili na sasa ni nane, una ushahidi mkononi.

Mweleze na jirani yako.