Unga wa dukani au wa kusaga mwenyewe? Mjue mteja asiyegusa ngano kabla hujamuuzia

Leo tunamzungumzia mteja mmoja ambaye wakulima wengi wanamwona msumbufu. Anashika kiroba chako cha unga wa mtama, anakigeuza nyuma, halafu anaanza maswali: umesaga wapi? Mashine hiyo inasaga na ngano? Gunia lilikuwa la nini? Muuzaji akikosa subira anamjibu, "Dada, unga ni unga tu." Hapo mteja ameondoka, na mara nyingi ndo huyo ambaye angenunua kwako kila mwezi kwa miaka mingi.

Haulizi kwa kujidai. Anauliza kwa sababu kijiko kimoja cha ngano kinaweza kumlaza.

Tatizo lake ni nini?

Ngano, shayiri na rai zina protini inayoitwa gluteni. Ndiyo inayofanya unga wa chapati uvutike na mkate uumuke. Kwa watu wengi haina shida. Ila kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, gluteni ikifika tumboni kinga ya mwili wake inashambulia utumbo mwembamba wake mwenyewe. Utumbo ukishaumia haufyonzi chakula vizuri, ndipo yanapokuja kuharisha, tumbo kujaa gesi, upungufu wa damu usioisha, kukonda, na mtoto kushindwa kukua. Duniani inakadiriwa takriban mtu 1 kati ya 100 anao, na wengi hawajui.

Aliyegundua kwamba chanzo ni ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Wakati wa njaa kubwa ya vita, majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate uliadimika kabisa nchini mwake. Watoto waliokuwa na ugonjwa huu wakapata nafuu wakati wengine wanadhoofika. Mkate uliporudi, na ugonjwa ukarudi.

Hadi leo dawa ni moja: kuacha gluteni kabisa, maisha yote. Hakuna "leo sikukuu, ngoja nionje andazi moja."

Angalizo kwa yeyote anayejihisi hivyo: usiache ngano kabla ya kupimwa. Vipimo vya damu na vya utumbo vinatafuta dalili zinazoonekana wakati bado unakula gluteni. Ukiacha kwanza, majibu yanaweza kutoka safi huku ugonjwa upo. Anza hospitali, kisha jikoni.

Habari njema: chakula chake kipo shambani kwako

Mahindi, mchele, mtama, ulezi, uwele, muhogo, viazi, ndizi, magimbi, mchicha nafaka, maharage, kunde na choroko, vyote kwa asili havina gluteni. Yaani ugali wa Dodoma, uji wa ulezi, makande na ndizi za Bukoba vinamfaa. Mzungu akiambiwa aache ngano anaona dunia imeisha. Sisi tuna sahani nzima tayari.

Basi kwa nini anahangaika? Kwa sababu kati ya shamba na sahani kuna barabara ndefu, na ngano imekaa njiani.

Cha dukani: faida na mitego

Supamaketi kubwa za mijini zina biskuti, tambi na mikate iliyoandikwa haina gluteni. Maandishi hayo yana kipimo. Kwa viwango vya kimataifa vya Codex, chakula hicho kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo. Kama mtengenezaji ni mwaminifu, mteja anakula akiwa na amani, na hilo ndilo analolipia.

Ubaya ni bei, kwa kuwa vingi vinatoka nje. Pia vingi vimejengwa kwa wanga mweupe wa mchele au mahindi, sukari na mafuta ili viwe na ladha. Mtu anaweza kukwepa gluteni akaishia kukosa nyuzinyuzi na madini ya chuma.

Mtego mwingine ni vyakula visivyofanana na ngano kabisa. Soya sosi ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Soseji nyingi huongezewa unga. Baadhi ya viungo vya mchuzi vya pakiti vina unga wa ngano. Kimea cha shayiri kimo kwenye bia na vinywaji kadhaa vya unga. Halafu kuna unga wa lishe wa mitaani: kila mtu anachanganya anavyojua, na wengi wanatia ngano. Mama anampa mtoto uji wa lishe ili anenepe, kumbe ndo unaomkondesha.

Cha nyumbani: rahisi, ila mashine ndo kikwazo

Kupika nyumbani kunampa mteja madaraka yote. Ananunua nafaka nzima, anapeta, anachambua, anaosha, anaanika, anajua kilichoingia. Kwa hela ni nafuu mno. Lakini nafaka lazima isagwe, na anaipeleka mashine ileile ambayo saa moja iliyopita imesaga ngano ya jirani.

Tupige hesabu kidogo, vijana wa biashara mnapenda namba. Tuchukulie unga wa ngano una gramu 80 za gluteni kwa kilo. Kikomo ni miligramu 20 kwa kilo. Ukisaga gunia la kilo 100 la mtama, gluteni inayoruhusiwa kwenye gunia zima ni gramu 2 tu. Hizo zinapatikana kwenye gramu 25 za unga wa ngano, sawa na vijiko vitatu hivi vya chakula. Kwa debe la kilo 20 ni gramu 5, vijiko viwili vidogo vya chai.

Sasa fikiria unga uliobaki kwenye mdomo wa mashine, nyuma ya chekeche, na kwenye ule mfuko wa kitambaa unaotolea unga. Ni zaidi ya vijiko viwili. Ndiyo maana mtu anaweza kula ugali mtupu wa mtama mwezi mzima na bado akaumwa, ndugu zake wakasema anajiendekeza.

Nafuu ya nyumbani ni kinu na mchi, kisagio kidogo cha umeme kisichoguswa na ngano, au kuwahi wa kwanza asubuhi mashine ikiwa imesafishwa, akasaga kilo chache za nafaka yake na kuwapa kuku huo unga wa mwanzo. Inapunguza hatari, haiondoi. Kwa aliyeagizwa na daktari asiguse kabisa, mashine ya mchanganyiko si ya kutegemea.

Hapa ndipo unapoingia wewe mkulima

Mteja huyu hayuko salama kabisa na cha nyumbani, na cha dukani kinamshinda bei. Pengo hilo ni lako. Ila usiingie kwa ujanja ujanja, maana ukikosea unamuumiza mtu. Fuata mnyororo mzima:

1. Shambani. Kama uko maeneo ya ngano na shayiri kama Hanang, Karatu au Monduli, angalia maotea ya msimu uliopita na uyang'oe. Kombaini ya kukodi iliyotoka kuvuna ngano isiingie kwenye mtama wako kabla haijasafishwa.

2. Magunia. Viroba vya unga wa ngano ndivyo vinavyorudiwa sana mitaani kwa sababu ni bei rahisi. Usivitumie. Nunua vipya.

3. Kukausha na kuhifadhi. Anika kwenye turubai safi, siyo chini. Mahindi yashuke hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mteja anayeishi kwa mahindi na karanga anakula vitu hivyo kila siku, kwa hiyo sumukuvu inamfikia kwa wingi kuliko mwingine. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, kwa hiyo hili si la kupuuza.

4. Muhogo. Unga wake unapendwa sana kwa maandazi na keki zisizo na ngano, lakini muhogo mchungu una sumu ya sayanidi. Menya, loweka siku tatu au kwangua na kukamua, kisha kausha vizuri. Kuruka hatua kwa sababu ya haraka ndiko kunakoleta konzo, kupooza miguu, ugonjwa uliowahi kuripotiwa Tarime na Mtwara. Kiwango cha Codex kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 za sayanidi kwa kilo.

5. Mashine. Hii ndiyo nguzo ya biashara yote. Iwe mashine isiyosaga ngano kabisa, siyo "tunaiosha." Mkiwa kikundi cha vijana watano au kumi, nunueni moja kwa pamoja na mkubaliane: ngano hata ya ndugu haingii. Mashine ya kukoboa nayo ni hivyohivyo.

6. Lebo. Usajili wa chakula tangu 2019 uko TBS, na SIDO wanatoa mafunzo ya usindikaji. Usiandike "haina gluteni" kwa sababu tu mtama hauna gluteni kwa asili. Madai hayo yanahitaji kipimo cha maabara, na waulize TBS taratibu zake kwanza. Ukiwa bado, andika ukweli unaoweza kuusimamia: "Mtama mtupu. Umesagwa kwenye mashine isiyosaga ngano." Weka tarehe ya kusaga na namba ya fungu, ili likitokea tatizo ujue unga upi urudishwe.

7. Kipimo. Kila msimu peleka sampuli maabara. Iweke gharama hiyo kwenye bei tangu mwanzo, kama unavyoweka mbegu na mbolea.

Je, unalipa?

Usitegemee soko la tani nyingi siku ya kwanza. Wateja hawa ni wachache na wametawanyika mijini. Lakini wakikuamini hawahami, na wanaambiana. Anza na unga wa aina mbili, tuseme ulezi na muhogo, kwenye mifuko ya kilo 1 na 2. Ongea na wataalamu wa lishe wa hospitali iliyo karibu, waeleze mashine yako inavyofanya kazi, waruhusu waje kuiona. Unga usiopata mteja wa aina hiyo utauza sokoni kama kawaida, na utakuwa unga safi kuliko wa jirani.

Ushauri kwa mlaji mwenyewe

Kama wewe au mtu wa kwako yuko kwenye mlo huu, sheria ni rahisi. Chakula kikuu kitoke nyumbani: nafaka nzima unazochambua mwenyewe, ndizi, viazi, maharage, mboga na mayai. Dukani nunua vile vichache usivyoweza kuvitengeneza salama, hasa unga, na ununue kwa anayeweza kukujibu maswali yako. Akikasirika ukiuliza mashine, weka kiroba chini uende kwingine.

Na wewe mkulima, jiandae uwe yule anayejibu. Pitia mashine yako wiki hii, muulize mwenye nayo imesaga nini tangu Jumatatu. Jibu atakalokupa ndilo litakalokuonyesha pa kuanzia. Ukihitaji msaada wa ukaushaji na uhifadhi, mwone afisa ugani wa kata yako, ndiyo kazi yetu.